Mashine Imesema Safi

Mjini pale hakuna aliyempa mkono yule mama. Salamu alipewa, tena kwa adabu zote, lakini ukimwangalia anayemsalimu utaona mikono imeingia mifukoni, au ghafla imekumbuka kwamba kapu linabebwa kwa mikono miwili. Walimwita Vidole. Si mbele yake. Mbele yake alikuwa dada, alikuwa mama, kila mtu na woga wake. Lakini jina la utani lina miguu. Lilikwishamfikia zamani, na yeye akalizoea kama mtu anavyozoea kovu.

Kazi yake ilikuwa kupekua wanawake. Mgodi wa almasi una milango mingi ya kuingilia na mmoja tu wa kutokea, na kwenye huo wa kutokea kuna kibanda cha mbao chenye pazia la plastiki. Humo ndimo alimokaa na glavu zake. Mwanamke akimaliza zamu anaingia, anavua viatu, anafumua nywele, na Vidole anampitia kuanzia utosini hadi nyayoni: nyuma ya masikio, chini ya ulimi, kwapani, kwenye pindo za nguo, katikati ya vidole vya miguu. Kampuni ilimruhusu maneno matatu tu. Nyoosha. Geuka. Pita. La nne likimtoka, hata kama ni "pole", ni kosa, maana wakubwa walisema mpekuzi anayeongea ni mpekuzi anayepanga njama.

Mgeni akisikia hayo atasema ni ukatili wa bure. Aende akaone shimo kwanza. Shimo lile lilianzwa na babu za watu kwa sururu, na siku hizi linachimbwa kwa baruti. Linashuka ngazi kwa ngazi, barabara ikilizunguka mpaka chini, na malori marefu kuliko nyumba ukiyaangalia kutoka juu ni vidudu tu. Mwamba wenyewe una buluu iliyochakaa. Moto wa chini ya ardhi ndio uliousukuma juu, enzi ambazo hakukuwa na mtu wa kuuona. Unalipuliwa, unabebwa, unasagwa, unaoshwa, unazungushwa kwenye tope zito ili vilivyo vizito vizame na vyepesi vielee. Kinachobaki kinapitishwa kwenye mwanga maalumu, almasi inang'aa, na upepo wa mashine unaipuliza pembeni. Iliyoukwepa mwanga inanaswa kwenye meza iliyopakwa grisi, kwa sababu almasi haishikani na maji lakini kwenye grisi inaganda. Malori yanapanda na kushuka kutwa kucha, jamani, na mavuno ya siku nzima unaweza kuyatia kwenye kikombe cha kahawa na kisijae. Halafu kikombe hicho kinanunua mtaa mzima na watu wake. Ndiyo maana watu wanapekuana.

Katika chumba cha mwisho, kile ambacho mawe yanatenganishwa kwa macho, ndimo alimofanya kazi wifi yake Vidole. Alikaa mbele ya sanduku la kioo, mikono yake imeingizwa kwenye glavu zilizoshonewa kwenye sanduku lenyewe, akichambua kwa kibano: hii nyeupe, hii ya njano, hii takataka. Miaka yote ile alishika almasi nyingi kuliko malkia yeyote, na ngozi yake haikugusa hata moja. Mwenyewe alikuwa akilicheka jambo hilo. "Mimi ni kama mpishi wa harusi aliyefunga mdomo," alisema, "harufu napata, wali sionji."

Huyo wifi hakuletwa na kaka mtu. Aliletwa na Vidole. Walikuwa marafiki tangu shuleni, wanaketi dawati moja, wanagawana kalamu. Vidole ndiye aliyemwambia kaka yake, dereva wa malori ya shimoni, mtu mpole asiyejua hata kumkonyeza mwanamke, "Kaka, mke wako ni yule pale, usizubae." Wakaoana, wakapewa nyumba ya kampuni, vyumba viwili mbele na kimoja uani, na cha uani akakaa Vidole. Utani wao ulisikika mpaka nyumba ya tatu. Wifi akitoka kazini alianzia mlangoni: "Wifi, leo umenitekenya kwapani makusudi! Kaka yako akisikia atakudai." Naye Vidole anajibu, "Kaka yangu mwenyewe hajui kama una kwapa, lala unono."

Kibandani hawakuongea. Kanuni ilikataza mpekuzi kumpekua ndugu yake wa damu, na wifi si wa damu, basi zamu zao zikigongana alimpekua kama wengine. Nyoosha. Geuka. Pita. Wifi alikuwa akimtolea ulimi zaidi ya inavyotakiwa, macho yanacheka.

Ukitoka kibandani bado hujamaliza. Mbele yako kuna mashine. Unasimama kwenye kibao, unainua mikono, na nyuma ya ukuta kijana mmoja anayeitwa Mpiga Picha anatazama mifupa yako kwenye kioo chake. Akiona huna jiwe anapaza sauti: "Safi! Hana kitu!" Taa ya kijani inawaka, unakwenda nyumbani kwako.

Sasa sikiliza hapa, maana hapa ndipo balaa lilipoanzia. Siku moja Mpiga Picha alimtazama fundi wa mitambo akamwambia, "Mzee, una ubavu wenye ufa." Fundi akaenda hospitali, kweli, ubavu una ufa. Habari hiyo ilizunguka mji kuliko habari ya mshahara. Tangu hapo watu walianza kuiamini ile mashine kama daktari. Nani kawaambia? Hakuna. Kampuni haikusema ndiyo wala haikusema siyo, ilinyamaza tu, kwani wafanyakazi wanaopenda kupigwa picha hawana usumbufu. Ukamkuta mama wa watu anaumwa tumbo, unamwambia nenda hospitali, anakujibu, "Ya nini? Mimi napigwa picha kila jioni." Hasa mama wa dobi, aliyekuwa akifua magwanda ya wafanyakazi na mwenye kuugua maradhi yote yanayotajwa redioni. Yeye kila akisikia "Safi!" alifumba macho akasema, "Asante Mungu," ndipo akaondoka.

Vidole naye aliamini. Tusimpake rangi, aliamini kama wengine.

Jioni ile mvua ilikuwa inanyesha, mstari ni mrefu, watu wamechoka. Wifi akaingia kibandani. Vidole akapitisha mkono pembeni ya ziwa la kushoto, na kidole chake cha shahada kikasimama. Palikuwa na kitu. Kigumu, kidogo kama punje ya mahindi, kimezama chini ya ngozi na hakisogei.

Wapekuzi walifundishwa jambo moja kuliko yote: jiwe linaweza kuwa ndani ya mwili. Walisimuliwa habari za mtu aliyejichana paja kwa wembe, akalisokomeza jiwe humo, akajishona kwa uzi wa gunia, akawa anachechemea eti kaumizwa na mpira. Basi kidole kinachokutana na kigumu mahali pa nyama kinajua kazi yake. Vidole alimtazama wifi usoni. Wifi aliona ametazamwa, akaacha kucheka.

Alifikiri nini wakati ule? Alifikiri, ndio huyu, rafiki yangu, ameshindwa na tamaa. Alifikiri nikimpitisha na mashine ikaliona, tunaondoka wote wawili, na kaka yangu wa tatu, na nyumba ya kampuni ya nne. Alifikiri mambo yote isipokuwa lile moja. Akainua mkono juu, ndiyo ishara yao.

Msimamizi wao, Mama Funguo, alikuja na funguo zake zinalia kiunoni. Pazia likavutwa, lakini pazia la plastiki, ndugu yangu, halifichi kitu. Wifi akavuliwa nguo zote akiwa amesimama kwenye sakafu yenye matope ya viatu vya watu, na nje mstari mzima ukaona kivuli chake. Mama Funguo akabonyeza, akabinya, mpaka machozi yakamtoka yule mwanamke. Akasukumwa kwenye mashine hivyo hivyo, kajifunga shuka. Picha ya kwanza. Picha ya pili, kwa ubavu.

"Safi!" Mpiga Picha akapaza sauti. "Hana kitu!"

Mstari ukacheka. Walicheka kwa kufurahi kwamba Vidole ameumbuka. Mama Funguo akamgeukia Vidole, akamwambia mbele ya wote, "Wewe, vidole vyako vimezeeka." Na hakuna mtu, si msimamizi, si Mpiga Picha, si wifi, si yeye Vidole, aliyejiuliza swali ambalo hata mtoto angeuliza: kama si jiwe, basi ni nini?

Wifi alivaa nguo zake pole pole. Alipofika nyumbani hakuanzia mlangoni na utani wake. Aliandaa chakula, akagawa sahani, ya Vidole akaiweka peke yake pembeni. "Afisa," alisema, "chakula chako kile pale."

Ndilo jina alilompa kuanzia siku ile. Afisa maji yamechemka. Afisa usisahau kufunga mlango. Kwa heshima kabisa, sauti haipandi wala haishuki, na kila alipotamka, Vidole alihisi anachomwa sindano palepale pa jana. Kazini wifi aliomba apekuliwe na mpekuzi mwingine, akakubaliwa. Kaka mtu alijaribu kuwapatanisha. Alinunua soda tatu akaziweka mezani. Soda zikapata moto, kila mtu akaenda kulala.

Mvua ziliisha, kiangazi kikapita, mvua zikarudi. Vidole kutoka dirisha lake la uani aliweza kumwona wifi akianika nguo. Alianza kuona kwamba anaanika kwa mkono mmoja. Ndoo ambayo zamani alikuwa akiibeba kushoto ilihamia kulia. Mtu mwingine asingeona, lakini Vidole maisha yake yote ni kuangalia watu wanavyoupinda mwili ili kuficha kitu, na huyu alikuwa anaukinga upande mmoja.

Usiku vidole vyake vilikumbuka ile punje. Akaanza kuogopa.

Alimvizia Mpiga Picha mahali pa kunywea chai. Huko kuongea kulikuwa ruhusa. "Mwanangu," akamwambia, "siku ile ya wifi yangu. Kifuani uliona nini?"

"Sikuona kitu, mama. Si nilisema safi?"

"Kama kungekuwa na uvimbe je?"

Kijana akamshangaa. "Uvimbe? Mama, mimi natafuta mawe. Ile mashine wameipanga ione kigumu, mfupa na jiwe. Nyama kwangu ni moshi tu. Hata ungekuwa na uvimbe kama chungwa nisingeuona."

"Na ubavu wa fundi?"

"Ubavu si mfupa?" Akacheka, akanywa chai yake. Halafu akaona uso wa Vidole, akaacha kucheka. "Kwani watu wanadhani mimi nawapima?"

Vidole hakumaliza chai. Jioni ile alimkuta kaka yake anavua viatu, akamweleza yote. Kaka alisikiliza huku anasugua nyayo zake. Kisha akasema, taratibu, kama anavyoendesha lori lake, "Usianze tena, dada yangu. Nakuomba. Ulimvua nguo mke wangu mbele ya watu, nikanyamaza kwa sababu wewe ni damu yangu. Usimguse tena kwa maneno."

"Kaka, mashine haioni..."

"Iliona ubavu wa fundi."

Akabaki yeye na wifi. Alimfuata jikoni, akasimama mlangoni kwa sababu hakukaribishwa kukaa.

"Wifi," akasema. Ilikuwa mara ya kwanza kumwita hivyo tangu siku ya pazia. "Ile punje bado ipo?"

Wifi alikuwa anakata vitunguu. Hakugeuka. "Punje gani, afisa?"

"Unaijua. Twende hospitali. Nakusindikiza mwenyewe, mguu kwa mguu. Mashine ya getini haioni ugonjwa, nimemuuliza Mpiga Picha, inaona mawe na mifupa tu."

Kisu kikatulia. "Ngoja nikuelewe," wifi akasema. "Ulisema mimi mwizi. Nikavuliwa. Nikabinywa kama nyanya za sokoni. Mashine ikakuumbua, mji mzima ukacheka. Sasa umekaa, umefikiri, umetafuta njia. Unataka nikavuliwe tena, mara hii na daktari, ili kipatikane kitu, upate kusema vidole vyangu havikosei. Ndiyo?"

"Hapana! Wallahi hapana!"

"Napigwa picha mimi kuliko mgonjwa yeyote katika nchi hii. Kila jioni ya Mungu. Wamesema safi. Wewe na mashine, nani nimwamini? Mashine haikukaa na mimi dawati moja halafu ikaniuza."

Na hapo, jamani, hapo Vidole angevumilia. Angepiga magoti, angelia, angemwita mama wa watu mwingine aje aongee badala yake. Lakini naye alikuwa na moyo, na moyo ulikuwa umechomwa sindano mwaka mzima. Damu ikamchemka. "Basi kaa nacho!" akasema. "Kaa nacho hicho kidonge chako, kikuzalie!"

Akatoka. Maneno yakishatoka hayarudi, kama maji yakimwagika. Alikaa chumbani kwake akisubiri hasira ishuke, ikashuka, ikabaki aibu, na aibu ilimfunga mdomo kuliko kanuni yoyote ya kampuni. Alijiambia kesho. Kesho alijiambia wiki ijayo. Wifi aliendelea kwenda kazini, mikono ndani ya glavu za sanduku, kifua kimegusana na kioo, na kila jioni aliinua mikono mbele ya mashine, wa kushoto ukipanda kwa shida, na kijana nyuma ya ukuta akapaza sauti yake. Safi. Safi. Safi.

Siku ngozi ilipopasuka ndipo kaka mtu aligonga mlango wa uani. Alikuwa ameshika nguo ya mke wake yenye doa, anaikunja na kuikunjua.

Hospitali ya wilaya walikaa watatu kwenye benchi. Daktari, mwanamke mwenye miwani, aliangalia mara moja tu, akavuta shuka akamfunika mgonjwa taratibu sana. Vidole aliujua upole ule. Mtu humfunika mwenzake hivyo akiwa hana la kumwambia.

"Mama," daktari akauliza, "umekaa nacho muda wote huu bila kupimwa?"

"Nimepimwa," wifi akajibu, karibu kwa kujivuna. "Mimi napigwa picha kila jioni, daktari. Wanasema safi."

"Hospitali gani?"

"Mgodini. Getini, tukitoka."

Daktari akavua miwani, akaifuta, na ilikuwa safi tangu mwanzo. Akamtazama kaka mtu, akamtazama Vidole, akitafuta mtu mzima wa kumweleza. Kaka aliinamisha kichwa. Vidole ndiye aliyesema, kwa sauti ndogo, "Wanatafuta almasi, daktari. Picha yenyewe ni ya kutafuta almasi."

Wifi aligeuka akamtazama. Alimtazama muda mrefu, na Vidole akaona neno likimwingia lote mpaka mwisho. Alikuwa ameshaambiwa neno hilohilo jikoni kwake, huku anakata vitunguu. Lakini jikoni alisikia kelele za adui.

Walimpa dawa za maumivu, wakampa na kitanda, kisha wakasema atapumzika vizuri zaidi nyumbani. Nyie mnajua maana ya kauli hiyo. Kampuni ilimpa mapumziko, na katika chumba cha mwisho msichana mwingine akaingiza mikono kwenye glavu zake kabla hazijapoa.

Sasa Vidole ndiye aliyemwogesha. Kaka alikuwa shimoni. Alimgeuza, akamfuta, akambadilisha nguo. Nyoosha, alikuwa anasema. Geuka. Alijisikia anasema, akanyamaza, akafanya kimya kimya. Siku moja wifi akacheka, kicheko chembamba.

"Sema tu," akasema. "Nimeshazoea. Bado 'pita'."

"Hilo silisemi."

"Lete mkono wako." Akauchukua, ule mkono ambao mji mzima haukutaka kuushika, akauweka juu ya bandeji. "Siku ile. Ulidhani ni jiwe kweli?"

"Nilidhani ni almasi."

"Kubwa?"

"Kama punje ya mahindi."

Wifi akatafakari kama anavyotafakari mchambuzi wa mawe. "Hiyo ingekuwa ya maana," akasema. "Ningekujengea nyumba, wifi. Yenye bafu la ndani." Wakacheka wote wawili, kicheko kikampeleka kwenye kikohozi, na kikohozi kikampeleka kwenye maumivu, na Vidole akamshikilia mabega mpaka yakapita.

Alipotulia akasema, macho yamefumba, "Kwa nini hukunipiga makofi siku ile jikoni? Ungeniburuta kwa nywele."

Vidole alilia kwa sauti, kama mtoto, na wifi akamwacha alie.

Alifariki mchana, kaka akiwa kazini, kapu la nguo zisizoanikwa likiwa mlangoni. Watu wa mgodini walikuja wengi kuzika. Waliketi kwenye viti vya kuazima, wakatikisa vichwa, wakasema yale wanayoyasema watu. Mama wa dobi ndiye aliyelitoa lile kubwa: "Mficha maradhi, kifo humuumbua. Angesema mapema."

Vidole alisimama. Alitaka kupiga kelele mpaka bati la nyumba liruke. Alificha nini? Mwanamke aliyefumuliwa nywele na kuchunguliwa ulimi kila siku ya maisha yake, aliyevuliwa nguo mbele ya mstari mzima, huyo alificha nini, na angeficha wapi? Lakini kaka yake alikuwa amekaa pale, mikono juu ya magoti, mtu aliyebaki ganda. Vidole akakaa tena.

Hakukaa siku zote. Jioni ya kwanza aliyorudi kazini, mstari ulikuwa mrefu kama kawaida, na alipomaliza kumpekua wa mwisho hakubaki kibandani. Alitoka nje ya pazia, glavu mikononi, akasimama kati ya wanawake na mashine. Mama Funguo alikuwa palepale.

"Sikilizeni," Vidole akasema. "Hii mashine haioni ugonjwa. Haijawahi kuona. Inaona mawe na mifupa. Wifi yangu walimwambia safi mpaka siku kifua chake kilipopasuka. Mwenye kidonge, mwenye uvimbe, mwenye maumivu, aende hospitali. Asisubiri hapa."

Walimtazama jinsi walivyomtazama siku zote, mikono mifukoni. Mmoja akamnong'oneza mwenzake, naye Vidole alisikia, kwa sababu walitaka asikie: "Vidole hivyo hivyo ndivyo vilivyomgusa marehemu kwanza. Usimkaribie." Mwingine akasema kwa huruma, "Amefiwa, mwacheni." Na wa nyuma kabisa akaita, "Mama, tupishe basi, watoto wana njaa!"

"Unarudi ndani," Mama Funguo akasema, "au unaacha kazi?"

Vidole aliwatazama mmoja mmoja. Alizijua zile nyonga, yale mabega, vile vifua vyote. Alijua nani mimba yake haijasemwa, nani anapigwa na mumewe, nani ana kigumu chini ya kwapa, alichokigusa jioni ile ile. Wa mwisho huyo alikuwa mama wa dobi. Vidole akamshika mkono mbele ya wote. "Wewe," akamwambia. "Hapa chini ya kwapa. Kesho asubuhi, nakuomba, nenda."

Mama wa dobi aliuchomoa mkono wake kama ameshika chungu cha moto. Akajifuta kwenye sketi. Kisha akapanda kwenye kibao, akasimama wima, akainua mikono yote miwili, kifua mbele, akangoja. Mashine ikanguruma kidogo.

"Safi!" Mpiga Picha akapaza sauti nyuma ya ukuta. "Hana kitu!"

Mama wa dobi akamtazama Vidole kwa ushindi. Kisha akafumba macho. "Asante Mungu," akasema, akavaa viatu vyake, akaenda nyumbani kupika.